Nimemshika Mama Gatimu Kiuno

Wachuka, nimeisha! Niko Nyeri, kwa tamasha ya muziki.

Mugithi ikaanza, tukajipanga kama treni, kila mtu ameshika wa mbele. Mimi nikashika kiuno ya mama fulani wa kofia. Nikampigia kelele, "Songa mathe, ama umezeeka?"

Akageuka.

Mama Gatimu! Mama mkwe! Na Jumamosi wanakuja kwetu ruracio, kuleta mahari yangu!

Nilimshika KIUNO, Wachuka. Nikamwambia AMEZEEKA.

Akaniangalia tu. "Gathoni, si ulisema uko Kenol kwa mazishi?"

Sijui mdomo niliitoa wapi. "Na wewe mama, si ulisema uko Murang'a kwa semina ya kanisa?"

Treni inatusukuma.

Akarudi kuangalia mbele. "Basi shika vizuri, nikuonyeshe nani amezeeka."

Wachuka, magoti yangu imeisha. Yeye bado anacheza.