Leo Amekuja Kumchukua Kuku Wake

Jumapili, jioni.

Upepo umevuma tangu asubuhi. Hapa Nduguti mwezi huu upepo haumhurumii mtu. Vumbi liko kwenye vikombe, kwenye shuka, hadi kwenye meno. Nimefagia mara mbili, nikaacha. Nimekaa jikoni kwenye kigoda, simu mkononi, naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Leo mke wangu alikuja. Alikaa saa mbili na kidogo. Alimchukua kuku wake na vifaranga tisa, akaondoka.

Ngoja niandike tangu mwanzo, labda na mimi nitaelewa.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwezi wa tano, watu wakiwa kwenye mavuno ya alizeti. Alizaliwa kabla ya wakati wake. Msichana. Aliishi siku mbili. Mtoto wa umri huo huzikwa haraka, hakuna turubai wala wapishi. Wazee wa kike walimfunga kwenye kanga, tukamzika nyuma ya nyumba ya wazazi wangu, tukanawa mikono. Watu waliniambia, "Nyie bado vijana, Mungu atawapa mwingine." Nikalichukua neno hilo nikawa nampa mke wangu asubuhi na jioni, kama dozi.

Siku ya tatu nilirudi kazini. Mimi ni fundi wa kuchomelea, milango na madirisha. Nilijiambia kazi za watu hazingoji. Ukweli ni kwamba mashine ikiwaka, sisikii kitu kingine chochote, na ndicho nilichokitaka.

Lakini hilo si kosa langu kubwa.

Kosa langu kubwa ni beseni la nguo. Mke wangu alikuwa ameandaa nguo za mtoto, amezikunja kwenye beseni chini ya kitanda. Sweta mbili alizifuma mwenyewe. Mimi nikaona zile nguo zinamtesa. Siku moja alipokwenda kisimani nikalibeba beseni zima, nikampa fundi mwenzangu ambaye mkewe alikuwa amejifungua. Sikumwuliza mke wangu. Aliporudi akainama chini ya kitanda, akabaki ameinama vile vile kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza ziko wapi.

Nikasema sijui.

Nilisema sijui, kama mtoto aliyelamba sukari. Alikuja kuziona mwenyewe baada ya wiki moja, kwenye kamba ya watu, zimeanikwa.

Hakupiga kelele. Alifunga begi, akasema anakwenda kwao Mungaa kupumzika. Mlangoni aligeuka. Nilidhani ataniambia neno juu yetu.

"Yule kishingo ameanza kulalia," alisema. "Yuko nyuma ya debe la unga, ana mayai kumi na mawili. Usimwache akafa njaa."

Kishingo ni kuku wake, mwekundu, yule asiye na manyoya shingoni. Alipewa na mama yake tulipooana. Mimi sikuwahi hata kumtupia punje.

Kesho yake nikaenda kwa jirani yetu Mama Zainabu, mama mtu mzima ambaye kuku wake hawahesabiki. Nilimwamkia, nikamwambia nimeachiwa kuku anayelalia na sijui pa kuanzia. Alicheka, halafu akaona uso wangu, akaacha.

"Weka majivu kwenye kiota, utitiri usimle," alisema. "Maji karibu, mtama karibu. Atatoka mara moja kwa siku, atakula, ataoga vumbi, atarudi. Usimharakishe, fundi. Na usimshikeshike."

Nikafanya hivyo. Kila asubuhi kabla ya kazi niliweka mtama kwenye kifuniko cha ndoo na maji kwenye kikombe kizito asije akakimwaga. Mwanzoni aliniparua. Mkono wangu wa kulia una alama mpaka leo. Siku ya nne au ya tano alikuwa ananung'unika tu, ananitazama kwa jicho moja.

Jioni ya siku ya pili simu iliita. Alikuwa mke wangu.

"Amekula?"

"Amekula."

"Haya."

Akakata.

Tukaendelea hivyo. Kila jioni simu moja, maneno manne, matano. Amekula? Ametoka? Mayai yako sawa? Nilianza kurudi nyumbani mapema ili nisije nikakosa cha kujibu. Nikawa namwangalia yule kuku kwa makini kuliko nilivyowahi kumwangalia mtu, nikikusanya habari za kumpelekea mke wangu. Leo ameyageuza mayai kwa mdomo, moja moja. Leo amekunywa sana, jua lilikuwa kali. Siku niliyopima mayai kuona kama yana vifaranga nilijifunika blanketi mchana kweupe ili kupata giza, nikawa natazama yai moja moja kwa tochi ya simu. Mama Zainabu akaingia bila hodi, akanikuta vile. Nilipomsimulia mke wangu, nilisikia pumzi yake ikikatika kidogo, kama mtu anayetaka kucheka halafu akakumbuka.

Mayai mawili yalikuwa viza, nikayatoa. Kumi yalikuwa na mishipa myekundu, myembamba kama uzi.

Siku ya kumi na mbili nilichelewa. Upepo ulikuwa umeufunga mlango wa jikoni kwa kishindo wakati kuku yuko nje. Nilimkuta anazunguka kizingitini analia, mabawa yameshuka. Niliyagusa mayai. Ya baridi.

Nilimfungulia, akaruka juu ya kiota hata kabla sijasogea. Mimi nikakaa chini. Nilijua simu itaita, na nilijua pia ninavyoweza kujibu. "Yuko sawa." Maneno mawili tu. Nani angejua?

Simu ikaita.

"Mlango ulijifunga," nikasema kabla hajauliza. "Sijui amekaa nje muda gani. Mayai yamepoa. Ni mimi, sikuweka jiwe mlangoni."

Nilisikia mbuzi wa kwao wakilia.

"Amerudi juu?"

"Amerudi."

"Basi mwache. Usiyaguse tena." Kisha akasema taratibu, "Hili umeniambia. Nguo hukuniambia."

Nikamwomba msamaha. Sikusema tutapata mwingine, wala sikusema nilitaka kukusaidia. Nilisema nilizigawa, nikakudanganya, nisamehe. Alilia kwenye simu, na mimi nikalia huku, sikukata, naye hakukata, mpaka salio likaisha.

Kuanzia siku hiyo nikawa na matumaini. Ndiyo maana leo imeniuma hivi.

Vifaranga walianza kutoka siku ya ishirini na moja. Nilisikia sauti ndogo ndani ya mayai kabla ya kuona ufa wowote. Sikwenda kazini. Hadi jioni walikuwa tisa, wamelowa, wabaya wa sura, halafu wakakauka wakawa wazuri. Nilimpigia mimi mwenyewe, sikungoja.

"Tisa!" alisema. Kwa sauti ile ya zamani kabisa. Kisha, "Na la kumi?"

"Halikutoka."

"Umelipeleka wapi?"

"Bado lipo hapa."

"Usilitupe jalalani."

Nililizika karibu na mpapai. Nilichimba kwa jembe, kishimo cha yai moja. Sikumwambia mtu.

Siku chache baadaye alisema, "Wakipata nguvu nitakuja." Mimi nikasikia neno moja tu, nitakuja. Nikafua shuka. Nikapaka chokaa ukuta wa chumbani. Jana nilikwenda sokoni kutafuta mlenda mkavu, anaoupenda.

Leo saa nne gari lilimshusha barabarani. Nilitoka kumpokea. Begi hakuwa nalo. Alikuwa ameshika tenga.

Mtu anayerudi kwake hashiki tenga tupu.

Nililiona, naye aliona kwamba nimeliona. Tukasalimiana. Nikasonga ugali, tukala, yeye alikula kidogo. Kisha akaingia jikoni, akachuchumaa mbele ya kuku wake. Vifaranga wanampanda mama yao mgongoni, wanateleza, wanapanda tena. Alinyoosha mkono, na kishingo hakumparua. Alimzungumzisha kwa Kinyaturu, maneno ya chini chini ambayo mimi Mnyiramba sikuyapata yote.

"Umemtunza," aliniambia bila kugeuka.

"Utarudi?"

Alimwokota kifaranga aliyeteleza, akamrudisha mgongoni kwa mama yake.

"Sijui. Nisikudanganye. Kule nalala. Hapa nilikuwa silali."

Nilitaka kumbembeleza. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyaandaa wiki nzima. Lakini nilipofungua mdomo, kilichotoka ni kitu ambacho sikuwa nimekiandaa.

"Ulimpa jina?"

Aligeuka. Alinitazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Siku ile ile ya kwanza," alisema. "Nilikuwa nangoja uniulize."

Siku mbili za uhai wake sikuuliza, na tangu hapo imepita miezi miwili. Nilikuwa nasema "mtoto", au "lile jambo". Nikamwomba aniambie. Alisogea, akaniambia sikioni, ingawa ndani hamkuwa na mtu mwingine zaidi ya kuku. Kisha kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano akaegemeza kichwa begani kwangu, akalia. Safari hii sikusema kitu. Nilikaa tu.

Halafu akajifuta uso kwa upande wa kanga, akamweka kuku ndani ya tenga, akawaweka vifaranga mmoja mmoja, nikimpokeza. Nilimbebea hadi barabarani. Gari la Singida lilikuwa limejaa, wakamsogezea nafasi, tenga akalipakata. Hakupunga mkono. Mikono yote ilikuwa imeshika tenga.

Sasa jioni haina swali la kuulizana. Hakuna amekula, hakuna ametoka. Nimeiangalia simu mara nyingi mno leo.

Jina sitaliandika hapa. Ni la watu wawili tu.

Nimelisema kwa sauti, peke yangu, jikoni, mara moja. Nilipotaka kulisema mara ya pili halikutoka.

Kesho nitajaribu tena.