Siku Tano Kwenye Kiti cha Abiria

Jumatano, 6 Machi

Tumeondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi kiti cha abiria! Miaka ishirini na sita nimeendesha lori la wapima ardhi jangwani, leo nabebwa kama gunia. Daktari kasema mtoto wa jicho, macho yote mawili. Usukani marufuku mpaka nipasuliwe. Hata haya naandika kwa herufi kubwa kama mabango.

Dereva ni binti yangu. Mwalimu wa chekechea, leseni ya mwaka jana. "Baba, kaa vizuri, mikono magotini." Kisha akacheka mwenyewe. Nyuma yupo dada yangu na masufuria yake. Hakualikwa. Alitokea mlangoni alfajiri na godoro kichwani — nani angemrudisha?

Safari nimeiomba mimi. Nimewaambia nataka hewa safi. Ukweli: naogopa kisu. Upasuaji ni tarehe ishirini. Nataka kuiona ile miamba myekundu kwanza, isije ikawa basi tena.

Mguu wangu wa kulia unakanyaga breki isiyokuwepo. Binti kaona, kajifanya hakuona. Bora angesema.

Lami imekwisha saa nne. Dereva wa greda alitusimamisha. Mafuriko ya mwezi wa kwanza yamebeba barabara yote ya mbele, kila mtu anajitafutia njia. Nikamwambia jangwa hili nalijua kama kiganja changu. Akasema, "Mzee wangu, kiganja kimeoshwa hicho."

Alhamisi, 7 Machi

Aibu. Niandike upesi iishe.

Tulivuka korongo kubwa bila shida, kavu kabisa. Mbele kidogo nikamwambia binti: kata kushoto, ndiyo njia. Akasema ardhi ya kushoto ina rangi nyingine, kama imelowa. Nikamwambia yai halimfundishi kuku. Akakata kushoto. Juu pakavu, pamepasuka kama vigae — chini uji! Gari likazama mpaka ekseli.

Masaa matatu ya kuchimba. Binti na koleo, mimi na sahani, dada anapanga mawe chini ya tairi. Kila tairi likizunguka, tope linamrukia yeye. Mwishoni tulimtambua kwa meno tu. "Mwenye macho haambiwi tazama," akasema, "na asiye nayo aambiwe anyamaze!"

Nilidhani nitakasirika. Nikacheka mpaka nikakaa chini, kwenye tope lilelile. Binti naye chini. Watu wazima watatu tunagaragara kama viboko.

Nilipomwomba binti radhi alisema sikukosea njia. Nchi ndiyo iliyohama.

Ijumaa, 8 Machi

Tumefika! Miamba ipo. Mti niliokuwa nikifungia turubai haupo, umekwenda na maji. Lakini kuna bwawa! Refu kama uwanja wa mpira, na kandokando nyasi laini kama nywele za mtoto mchanga. Na vyura. Vyura jangwani! Miaka yote ile sikuwahi kusikia hata mmoja. Walikuwa wapi hawa? Dada anasema walikuwa chini ya ardhi wanangoja, wana subira kunishinda.

Ufito wa hema umevunjika. Hema limeegemea upande kama mlevi anayesubiri kufunguliwa mlango. Dada kaingia bwawani na gauni lake, miaka sitini na sita, anapiga maji kwa miguu na kutuita waoga. Tukaingia.

Chai ina mchanga. Tamu hivyohivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Kilima cha mchanga. Binti kakitazama tangu asubuhi, mwishowe akasema anakipanda na gari. Tukapunguza upepo kwenye matairi. Mara ya kwanza — katikati, tukarudi kinyumenyume. Mara ya pili hivyohivyo. Akanigeukia.

Nilifumba macho, nikaikumbuka sauti ya injini. Masikio yangu bado mazima. Nikamwambia: unabadilisha gia mapema mno, iache ilie. Mara ya tatu akaiacha. Ikalia, ikalia, ikalia — tukatokea juu! Kioo kizima anga tupu! Nilipiga kelele. Dada anasema nilimwita mama yetu.

Tulikaa kileleni. Nikamwambia binti kwamba naogopa ule upasuaji. Sijui ilitokaje. Akasema, "Na mimi naogopa, Baba. Basi tuogope wote wawili." Akaniegemea. Mchanga ulikuwa wa moto, hakuna aliyetaka kuinuka.

Jumapili, 10 Machi

Tunarudi — yaani, tungerudi. Jana mvua imenyesha milimani, huku hata tone. Lile korongo kubwa lina maji. Ya kahawia, yana haraka zake. Tumesimama tangu saa mbili. Binti kachomeka kijiti ukingoni. Saa tatu maji yangenifika gotini. Sasa nusu ya muundi. Yanashuka.

Dada yuko tayari kukaa hata wiki, maharage ya kopo yapo. Mimi nimetoa maoni mara moja tu: tungoje. Nikanyamaza. Kazi ngumu kuliko kuchimba.

Saa tano. Binti kavua viatu, kaingia na fimbo. Kutoka hapa naona doa la bluu tu, shati lake, linakwenda. Lakini nasikia fimbo inavyogonga: changarawe, jiwe, changarawe. Chini kugumu. Ningekuwa mimi, ningepita palepale. Sijamwambia.

Amefika ng'ambo. Amerudi njia ileile. Maji hayakuzidi vifundo vya miguu. Nilijiandaa kuulizwa. Hakuuliza. "Shangazi, panda. Baba, shusha kioo."

Nimeshusha. Injini imewaka, gia nzito. Matairi ya mbele yameingia. Polepole, hasimami — ndiyo hivyo. Mwandiko unaruka. Dada anamwomba Mungu na kucheka kwa wakati mmoja. Maji yanarushwa na matairi, yanagonga mlango. Tuko katikati na sijasema neno