YAH: Nyasi za Bibi Ruth Nilizozikwatua

Kansas, Marekani

Kwako Mama yangu mpendwa, Mnyambe, Newala.

Shikamoo. Ninakuamkia wewe kwanza, ndipo mengine yafuate. Je, goti lako limepoa? Tangi limepata maji ya mvua, au bado mnapanga ndoo bombani? Na mikorosho imepuliziwa salfa kwa wakati? Mimi ni mzima wa mwili; ya moyoni ninayaeleza hapa chini kwa utaratibu.

Mama, ninaandika ili habari ikufikie kutoka kwangu kabla ya kukufikia kutoka kwa Hamisi fundi redio, ambaye nasikia siku hizi anashinda kwenye zile kompyuta za kulipia zilizofunguliwa Masasi.

Bibi Ruth, mjane ninayemtunzia ng'ombe, alinijulisha kwamba atakuja mgeni aitwaye Linda, anayepiga filamu za maisha ya wakulima wa nyika hii na kuyasimulia katika blogu, yaani daftari lililo ndani ya kompyuta, linalosomwa na ulimwengu mzima. Nilijiuliza: mgeni wa heshima namna hiyo apokelewe na majani yaliyofika kiunoni? Nilishika jembe alfajiri. Ilipofika saa nne nilikuwa nimekwatua kipande chote kando ya nyumba na kukifagia, kikawa cheupe kama uwanja wako siku ya Idi.

Linda alishuka garini na kamera begani. "Nyasi ziko wapi?"

"Nimezimaliza zote, mama," nilimjibu kwa fahari.

Bibi Ruth aliketi ngazini taratibu. "Ndizo alizokuja kuzipiga picha," alisema. "Marehemu mume wangu hakuruhusu trekta liziguse maisha yake yote. Ni nyasi za asili za nchi hii."

Nilijua kibarua changu kimeota nyasi, na hizo hakuna wa kuzikwatua.

Unanifahamu: nikikosea nakimbilia kalamu. Nilimwandikia Bibi Ruth barua ya kuomba radhi kwa Kiingereza changu cha kamusi, yenye kichwa kilichopigiwa mstari na aya tano, kama zile nilizowaandikia majirani kwenda wilayani. Nilieleza kuwa nilifunzwa na mama yangu kwamba uwanja wenye majani ni nyumba isiyo na mwenyewe. Nikaomba ruhusa ya kuondoka kwa heshima.

Aliisoma mara mbili. Linda, aliyekuwa akichungulia begani kwake, alicheka hadi machozi. Bibi Ruth hakucheka.

"Saidi," alisema, "mwandikie mama yako kwamba nyumba hii ina mwenyewe. Sasa nenda kawanyweshe ng'ombe."

Linda aliipiga picha barua yote, nami nikiwa na jembe langu, akaziweka picha hizo kwenye blogu. Hizo ndizo atakazokuletea Hamisi akichekelea. Mwache acheke, kisha mwambie kwamba baada ya mvua tatu nyasi zimechipua, maana mizizi yake huzama kupita kimo cha mtu. Linda anarudi kuzipiga picha. Mlinzi wa nyasi hizo ni mimi. Jana nilimfukuza ndama mara mbili.

Nisalimie dada yangu anayekusomea haya (asiruke mstari), mjomba aliyebaki na shamba langu, na shangazi wa Lisekese.

Uwanja wako usiusumbukie, goti lisikuume. Nikija nitaukwatua wote, ila nitakuuliza kwanza.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Saidi