Anatoka Majini, Nami Namnyima Uji

Mshauri wetu wa redio, pokea salamu kutoka huku Ikonge, mimi Mama Lavender sijambo, baba yao Zachariah hajambo ila mgongo, Osoro kifungua mimba wangu hajambo, Nyamusi na kitoto chake hawajambo, hata mama mkwe wangu bado anachuma majani chai kidogo kidogo na anakusalimu sana, ni Lavender tu ndiye si mzima na ndiyo naomba unisaidie.

Huyu msichana wangu ni mkimbiaji. Zamani alikuwa anarudi kutoka mbio za milimani fulana imelowa jasho, chumvi nyeupe kwa paji la uso, namwekea uji wa wimbi, anaunywa amesimama mlangoni huku ananihadithia nani amempita nani, na mimi nakumbuka mama yangu akiningoja vile vile nikitoka mtoni na mtungi, ah, siku hizo zilikuwa tamu, sasa goti likamuuma, kocha akamwambia afanye mazoezi ya kuogelea, bwawa liko Kisii mjini, anarudi vidole vimekunjamana kama mtu ameshinda akifua, jasho hata tone hana, na kukojoa ni kila saa, nikajua huyu ameshiba maji, nikapunguza uji.

"Mama, kiu yangu unaijua wewe?"

Nikamwambia, umeshinda majini, unataka maji ya nini tena?

"Mimi si maharagwe, Mama, siloweki!"

Baba yake akacheka mpaka akamwaga chai. Lakini juzi kichwa kilimgonga, akaanguka katikati ya majani chai, nikasema bwawa basi, naye akasema atahamia kwa shangazi yake Persis huko mjini. Sasa hatuongei. Anakula, analala. Nimkataze bwawa ama nifanyeje? Tafadhali nijibu upesi, hata kesho, kabla hajafunga nguo zake.

*

Mama Lavender, salamu zimefika, na pole. Mapenzi yako nayaona, lakini hapo umekosea, mama. Ngozi hainywi maji ya bwawa, na vidole kukunjamana si shibe. Anayeogelea kwa bidii hutoka jasho kama anayepanda mlima, ila linaoshwa papo hapo, hata mwenyewe halisikii. Tena maji huubana mwili, damu nyingi husogea kifuani, figo zikadhani imezidi, zikatoa mkojo. Kwa hivyo ule mkojo ni maji anayopoteza, na wewe juu yake ukapunguza uji!

Kwa kuwa alianguka, mpeleke kituo cha afya leo, asiogelee mpaka wamruhusu. Wakimruhusu, arudi bwawani, goti linahitaji. Anywe kabla ya kuingia, atoke kidogo anywe tena, na akimaliza anywe na ale chakula chenye chumvi kidogo. Usimlazimishe ndoo nzima, hiyo nayo hudhuru. Mkojo ukiwa na rangi ya majani chai yaliyochemka, bado hajanywa ya kutosha.

Na hiyo ya shangazi: msichana hahami kwa ajili ya uji. Anahama kwa sababu alikuambia ana kiu, ukambishia. Unazitamani zile siku za mbio za milimani, naelewa, lakini mtoto ni yule yule. Barua yako yote haisemi kama umewahi kumwona akiogelea. Nenda ukamwone.