Fimbo ya Kipande Kimoja

3 Februari

Mwanangu,

Salamu zangu zikufikie na baridi ya huko isikuzoee. Mimi mzima, ni magoti tu yanayojisemea yenyewe ninapoinuka. Wewe je? Unakula? Kwenye simu unasema unakula, lakini kwenye simu kila mtu anakula. Simu ni ya kuulizana "mzima?" na kujibiwa "mzima" mpaka salio liishe. Neno lenye uzito linataka karatasi. Nimekaa miaka thelathini na moja kwenye dirisha la vifurushi pale posta, usitegemee niisaliti barua uzeeni.

Nina ombi. Unajua tangu nistaafu nimekuwa mvuvi. Cheka kwanza, ukimaliza endelea kusoma. Kila asubuhi nakwenda bwawani na jirani yetu Fundi Saa, ambaye macho yake hayaoni tena ndani ya saa lakini samaki anamwona kabla hajaruka. Tunamtafuta besi, yule samaki mwenye mdomo mpana, mlafi, anayejificha chini ya magugu maji akingoja chura apite. Siku hizi magugu yamelifunika bwawa lote, ukilitazama utadhani ni shamba la mboga. Jumanne iliyopita nilimnasa mmoja mkubwa, mrefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko. Akazama kwenye magugu. Nikavuta, fimbo ya kuazima ikainama, ikainama, ikanibakishia kipande mkononi. Fundi Saa hakucheka mbele yangu. Alingoja nimpe mgongo.

Naambiwa huko uliko maduka ya zana za uvuvi ni mengi. Nitafutie fimbo ya kazi hiyo, ya besi kwenye magugu mazito. Ishike kwa mkono wako mwenyewe kabla hujaichagua.

Sikuulizi unakuja lini. Siku ile mlangoni nilisema nenda, mimi sitakuita, na mimi si mtu wa kula matapishi yangu. Naulizia fimbo tu.

Mama yako


27 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nikaisomea ngazini kwa sababu sikuweza kungoja nifike chumbani. Mimi ninakula, naapa. Magoti yako yape pole zangu, na uyakataze kusimama majini.

Hapa ni kama nilivyokueleza kwenye barua iliyopita. Bado nakaa ghorofa ya tatu, juu ya dobi, mvuke wake unapita sakafuni na mchana kucha vioo vyangu vinatoka jasho. Kiwandani bado nashona ngozi za makochi. Kidole changu cha kati kimeota sugu ngumu kama kifungo. Msimamizi anasema mishono yangu haina makosa, nami namwambia nimelelewa na mwanamke aliyekuwa akirudisha kifurushi kwa sababu ya fundo moja legevu.

Jumamosi nilikwenda duka la uvuvi. Mwenye duka ni mzee mwenye vidole tisa, hicho cha kumi sikuthubutu kukiuliza. Nilipomwambia "besi, magugu mazito" akanitazama upya. Akasema fimbo iwe ndefu na ngumu, ilegee nchani tu, ili urushe chambo mbali lakini ukivuta usibembeleze. Ameniwekea moja nzuri ya vipande viwili vinavyochomekwa. Ukiitenganisha inaingia kwenye boksi vizuri kabisa. Niambie niitume.

Na huyo Fundi Saa, Mama, anakwenda bwawani kwa ajili ya samaki peke yake?

Nina neno jingine. Mwenzangu ninayeshona naye meza moja, mama yake humwandikia kila mwezi: rudi, rudi. Yeye husoma huku akiguna. Mimi namwonea wivu mpaka naona haya. Miaka sita, Mama, na hujaniita hata mara moja. Najua niliondoka ukiwa hutaki. Ila mtu akirudi bila kuitwa hajui kama atapokelewa ama atavumiliwa tu. Nimeshaandika, sifuti.

Mwanao


24 Machi

Mwanangu,

Nimefurahi unakula. Mimi mzima, na Fundi Saa anakwenda bwawani kwa ajili ya samaki peke yake, kwa hiyo koma.

Fimbo ya vipande viwili sitaki. Sikiliza nikueleze, na huyo mzee wako wa vidole tisa akibisha mwambie aje bwawani. Besi akishaonja ndoana hapigani nawe, anakimbilia kwenye mizizi ya magugu na kujizungushia mshipi mara tatu nne. Una muda wa kuhesabu mpaka mbili tu. Katika muda huo uwe umeshamgeuza kichwa kitazame juu, umburute juu ya majani kama mtoto asiyetaka kuoga. Hapo unavuta samaki pamoja na shamba zima. Penye maungio ndipo panapokatika. Fundi Saa fimbo yake ni ya kuchomeka, na wiki jana kipande cha mbele kilichomoka kikaenda na samaki. Alisimama pale na mpini kama mtu aliyekuja kuongoza kwaya.

Nataka kipande kimoja. Mita mbili na robo, isipungue. Mshipi uwe uzi wa kusuka, ule unaokata majani, si ule wa nailoni unaovutika kama mpira. Isiwe na maungio, isiwe ya kukunja, na asikudanganye mtu kwamba siku hizi ni mamoja.

Chumba chako nimekipaka rangi. Usidhani lolote, rangi ya sebuleni ilibaki.

Uliyoyaandika mwishoni nimeyaona. Fimbo kwanza.

Mama yako


2 Mei

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. U mzima? Mimi nilishikwa na mafua, yamepita.

Fimbo nimeipata, na nitakusimulia kwa sababu nataka ujue niliichagua vipi. Mzee wa dukani alijaza gunia matambara yaliyolowa, akaliweka chini nje ya duka, akalifunga mshipi. Akanipa fimbo ya kwanza akaniambia vuta. Ikapinda mpaka mpinini na gunia halikutikisika. Ya pili ilikuwa ngumu mno, nilipojaribu kurusha nayo chambo, chura wa plastiki, kikaniangukia miguuni. Nikashika saba, Mama, wapita njia wakasimama kutazama, mmoja akauliza gunia lina nini. Ya nane ilikuwa nyeusi, mpini wa gome jepesi kama la vizibo vya chupa, kipande kimoja, mita mbili na robo kamili. Nilipovuta, ncha ilikubali kidogo halafu kiuno chote kikakataa, na gunia likaja. Nilipiga kelele. Nilikuona wewe umesimama kwenye tope, umefunga kilemba chako cha kazini, na huyo samaki anakuja hataki. Nikalia pale pale barabarani nikiwa nimeshika fimbo, mzee akajifanya anatafuta ufunguo.

Sasa nisikilize bila kukasirika. Nilikwenda nayo posta. Karani akailaza kwenye meza yenye alama za sentimita, ikaipita alama ya mwisho ikaendelea. Akasema mwisho ni mita moja na nusu, huku na kokote. Nilimsihi. Nikatamani ungekuwa wewe upande wa pili wa dirisha, wewe ungejua njia. Nikajaribu posta nyingine mbili, jibu likawa lile lile.

Ulisema kipande kimoja, na fimbo nzuri kuliko hii sijaiona. Kwa hiyo nikampelekea seremala wa kiwandani anayetengeneza fremu za makochi. Ameikata katikati kwa msumeno mwembamba na kunitengenezea bomba dogo la shaba la kuiunganisha. Nilifumba macho alipoanza kukata. Amesema ukiipaka gundi pale kwenye bomba na kuiacha siku mbili, itakuwa nzima kama ilivyozaliwa. Gundi nimeiweka ndani, nimeifunga kwenye soksi.

Imeondoka jana. Nimefunga mafundo kama ulivyonifundisha.

Mwanao


9 Julai

Mama,

Shikamoo. Kwenye simu umesema "imefika, ahsante," na ukaniuliza kama mafua yamepona. Basi. Barua sijapata tangu ile ya Machi, na wewe si mtu wa kunyamaza, ukikosa la kusema husema kuhusu magoti. Nimekukosea wapi? Kama nimeiharibu fimbo niambie nimeiharibu. Nakagua kisanduku cha barua asubuhi nikitoka na jioni nikirudi, mpaka dobi ananionea huruma na kutikisa kichwa kabla sijauliza.

Mwanao


30 Julai

Mwanangu,

Mimi mzima wa mwili. Nisamehe kwa kunyamaza.

Kifurushi chako nilikipokea kwenye dirisha lile lile nililokaa. Nilikijua kabla sijakigusa, kwa mafundo. Nikakitazama urefu, nikakipima kwa shubiri mara mbili, kwa sababu fimbo niliyokuagiza haikupaswa kuingia kwenye kifurushi chochote. Nilifungulia nyumbani, nikakuta umeikata, na gundi umeivalisha soksi. Nimeilaza juu ya meza ya chakula tangu siku hiyo, vipande viwili. Maji haijagusa.

Sasa nitasema, na unisikie mpaka mwisho. Miaka thelathini na moja nimepima vifurushi, mwanangu. Mita moja na nusu ninaijua kama ninavyolijua jina langu. Ulipoandika kuhusu ile ya vipande viwili inayoingia kwenye boksi, moyo uliniruka, nikaona itakuja fimbo peke yake. Ndipo nikataka ya kipande kimoja. Kuhusu besi na magugu sikukudanganya, kila neno ni kweli. Lakini nilikuwa nimeisoma barua yako, ule wivu wako kwa mwenzako, na nilijua fimbo ya mita mbili na robo posta haitaichukua. Nikasema moyoni, mwanangu atazunguka, atakosa njia, ataona njia iliyobaki ni kuileta kwa mkono. Nami sitakuwa nimekuita.

Sikujua kwamba mtoto wangu akikosa njia hukata fimbo.

Fundi Saa alikuja kuniuliza mbona siendi bwawani. Nikamwonyesha. Alivishika vile vipande, akaviingiza kwenye bomba la shaba, halafu akasema, "Mtoto amekata kitu kizuri ili kikufikie. Wewe kiburi chako unakitunzia nani?" Nilimfukuza. Kesho yake nikamwita tena, kwa hiyo unaona kuita kumbe naweza.

Siku ile mlangoni nilikuwa na hasira kwa sababu nilikuwa na hofu. Baba yako alikuwa ameshatutangulia, na wewe ndiye kitinda mimba wangu, ndiye uliyebaki. Nikadhani nikisema neno kali utageuka. Hukugeuka, nami nikabaki na neno langu mdomoni miaka sita. Usiku sijambo, mchana ndio mgumu. Naandaa chai, naweka vikombe viwili, narudisha kimoja kabatini. Nakutamani mpaka naisikia sauti yako kwa wauza duka.

Nayala matapishi yangu, yote, mbele yako na mbele ya karatasi. Njoo. Huji kuvumiliwa. Njoo na fimbo, njoo bila fimbo, njoo mikono mitupu. Mwanangu, njoo.

Mama yako


21 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo, na kesho shikamoo, na keshokutwa.

Uliandika "njoo" kwa nguvu mpaka kalamu imetoboa karatasi. Nimempa mwenzangu aisome mezani, akasoma mpaka chini, akanirudishia na kuanza kumwandikia mama yake.

Nilikuwa na siku za likizo za miaka sita ambazo sikuwahi kuzigusa, nilikuwa nikimwambia msimamizi kwamba sina pa kwenda. Amenipa wiki tano. Si nyingi, najua, na yatakayofuata tutayaongea tukiwa tumekaa, si kwa karatasi.

Barua hii usiijibu, Mama. Jibu lako likifika hapa, mimi nitakuwa nimeshaondoka, nipo kwako.

Mwanao