Mbwa wa Bondeni Wana Wenyewe

Mpendwa Baba,

Tangu tukuzike hapa Ibaba sijakuandikia, na leo naanza na hasira, unisamehe. Jumatatu asubuhi mbwa koko walimla kinda wa korongo bondeni. Alikuwa huyo mmoja tu mwaka huu. Nilikuta miguu na manyoya machache kwenye matete, na wazazi wake wawili wamesimama pembeni na zile taji zao za dhahabu, wakilia kwa sauti uliyosema inafanana na tarumbeta ya kwaya yetu.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuwapenda. Unakumbuka ulivyoacha jembe kila ulipowaona wakicheza? "Tulia, usipumue," ulininong'oneza, nami nikabana pumzi mpaka nikakohoa. Enzi hizo walikuwa wengi. Ulikataza watu kukata matete upande wenye viota, na aliyebisha ulimfokea mpaka akaomba radhi.

Basi nikuulize: na wale watoto wa mbwa je? Tutaonana, yule jike wako mwenye kifua cheupe uliyempa jina hilo kuwakera majirani, kila alipozaa ulisubiri watoto waache kunyonya, ukawatia kwenye kiroba, tukashuka nao bondeni. Mimi nilibeba sufuria ya uji ili wale mara ya mwisho. "Mbwa aliyekula kwako huwezi kumwua," ulisema. "Bonde ni pana, watajitafutia." Kijiji kizima kilifanya hivyo, na kila mtu alirudi nyumbani akijiona mwenye huruma. Huruma gani hiyo, Baba? Walijitafutia kweli. Wakaanza na kanga, wakaja kwa paa, na sasa wanamaliza makinda ya korongo.

Jana tulikuwa na mkutano wa kijiji. Mtendaji akauliza wale mbwa ni wa nani. Jirani yetu Baba Atupele akasimama: "Wale ni wa porini, hawana mwenyewe. Serikali iwapige risasi, tuendelee na mambo mengine." Watu wakapiga makofi! Makofi, Baba, wakati wiki iliyopita tu nilimwona mtu huyohuyo akishuka na kiroba kinachochezacheza mgongoni. Tena alipita kwangu, maana mjukuu wa Tutaonana naye amezaa. "Nipe na wa kwako, dada, nikupelekee palepale." Nilimfukuza.

Nikasimama. "Hawana mwenyewe? Walidondoka na mvua? Wale wenye kifua cheupe ni wa kwetu. Baba yangu aliwapeleka, na uji nilibeba mimi."

Shangazi alinivuta kitenge nikae. Tulipotoka aliniambia nimemvua nguo marehemu kaka yake mbele za watu. Nililia, sitakuficha. Lakini mle mkutanoni, nilipokutaja ndipo Mama Tusekile, mzee wa kanisa, aliponyoosha mkono. "Na sisi tulipeleka," akasema. Akafuata mwingine, na mwingine. Baba Atupele alikuwa anatazama viatu vyake.

Tumekubaliana mbwa wa nyumbani wafungwe, majike wapelekwe kwa afisa mifugo wakafungwe kizazi, na atakayekutwa na kiroba bondeni ajibu mbele ya kijiji. Wale wa bondeni hawafugiki tena. Alhamisi askari wa wanyamapori anakuja na bunduki. Hapo ndipo hasira inaponikaba, kwa sababu mbwa hawana kosa lolote. Wanakufa kwa sababu sisi tulitaka kuonekana wema bila kusumbuka.

Watoto wanne wa mjukuu wa Tutaonana wako jikoni kwangu, na kila mmoja ameshapata mtu wa kumfuga. Kiroba chako, kile cha siku zote, nimekikata matambara ya kufutia miguu.

Alhamisi nitashuka bondeni na jembe lako. Wenye kifua cheupe nitawazika mwenyewe, mmoja mmoja, huku korongo wakiangalia. Wewe hukuweza kumwua mbwa aliyekula kwako, ukaniachia mimi.

Pumzika, Baba. Nakupenda, na bado nimekukasirikia.

Binti yako,
aliyebeba uji