Mzee wa Mezani na Mimba ya Binti Yangu

Jumanne, tarehe 9 Juni

Kwa Shangazi wa Ukurasa wa Nne,

Shikamoo. Mimi ni muuza samaki, mjane tangu mwaka jana, naomba unisaidie kufikiri maana peke yangu nimeshindwa. Meza yetu sokoni inajulikana kwa samaki wakubwa, marehemu mume wangu aliwaita "wazee", kila asubuhi akimlaza mmoja katikati na kumfunika kitambaa kibichi taratibu kama anayemfunika mtoto, na wateja waliuliza kwa mbali, "Mzee yupo?" naye anajibu, "Yupo, njoo umwamkie!" Sasa kuna dada wa maabara anayepima samaki, tunamwita Dada Vichupa, huja na mabuti yake, ananunua kama mteja yeyote, anakata kipande cha mgongo, anakitia kwenye kichupa na kuuliza samaki kavuliwa wapi. Juzi alirudi, akasubiri wateja waishe ili asiniaibishe, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, wadogo hawana neno. Tatizo ni mzee, ana zebaki nyingi, ile sumu ya viwandani inayoshuka na mfereji hadi majini." Nikamwambia mbona macho yake yanang'aa, na mimi nampika mpaka anaiva kabisa. Akasema, "Zebaki haina harufu, na moto hauitoi. Mzee amekula wadogo miaka yote, na kila mmoja amemwachia kidogo." Shangazi, sijawahi kuelezwa jambo zito kwa upole namna ile, niliona kama ananisaidia kubeba ndoo. Lakini binti yangu ni mjamzito, na baba yake aliniagiza kabla hajafa, "Akishika mimba, mnofu wa mzee ni wake," nami nimekuwa nikimpelekea, na nilipoacha, wifi yangu alinijia juu mbele ya watu: "Kaka yangu juzi tu kazikwa, leo unamfukuza hadi mezani!" Binti naye analia kwamba namnyima cha baba yake. Nimtii marehemu au nimsikilize Dada Vichupa?

Mjane wa Meza ya Wazee

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mama, na pole sana. Mumeo aliagiza binti yake ale vizuri, hakuagiza ale sumu. Angekuwepo siku ile, angembishia Dada Vichupa? Wewe unamjua kuliko mimi. Ila hapo pa kungoja gazeti likuamulie nakugombeza: jibu unalo, na mimba haingoji foleni.

Mpeleke binti kliniki kesho, amweleze mkunga alichokuwa akila. Usimtie hofu. Samaki asiache, bado wanamfaa. Mpelekee wadogo, waliovuliwa mbali na mfereji wa viwanda. Wazee usinunue tena mpaka vipimo viseme vingine, na usiwafiche wateja. Mtu akiuliza, "Mzee yupo?" mwambie amestaafu. Akimaliza kucheka, mpe sababu, hasa akiwa na watoto nyumbani.

Wifi yako ana msiba kama wewe, usirushiane naye maneno. Mwite siku Dada Vichupa atakapokuja kupima tena, asikie mwenyewe.

Na huyo dada muwekeeni kiti. Angeweza kuandika ripoti yake akaenda zake. Alirudi, akasimama kwenye maji ya samaki kulinda chakula chetu na heshima yako. Kila soko lingempata mtu kama yeye, ningelala vizuri.

Mtoto akizaliwa salama, mnikumbuke.